Naomba ushauri: farasi wangu anachelewa kushusha mapigo ya moyo na mbio za kilomita 80 zimekaribia

Habarini wadau, naombeni mnisaidie maana hili jambo linaninyima usingizi. Nina farasi jike wa miaka 9, tumeshamaliza mbio mbili za kilomita 40 vizuri tu, sasa nimejiandikisha za 80. Shida iko kwenye kituo cha ukaguzi, pale tunaposimama farasi apimwe kama yuko sawa kuendelea, mapigo ya moyo yanatakiwa yashuke mpaka 64 kwa dakika kabla muda haujaisha ndo daktari wa mifugo amcheki, na huyu wangu anakaa juu ya 70 hasa siku ya joto, namvua tandiko namwagia maji shingoni na kifuani, nayakwangua, namwagia tena, lakini wapi. Je mazoezi hayatoshi au namkimbiza sana kile kipande cha mwisho? Kuna mtu kaniambia nishuke nitembee naye kwa mguu kabla hatujafika kituoni, mnaonaje? Na zile chumvi za njiani, za kurudisha anazopoteza kwa jasho, mnawapa saa ngapi, maana nasikia ukimpa wakati hajanywa maji ndo unamharibia zaidi. Kama ni bora nijitoe niambieni ukweli tu, huyu mnyama nampenda kuliko medali.