Je, fremuweki ya wavuti izuie mtindo wa kukamata makosa yote kwa pamoja?

Mwanagenzi: Salaam, wandugu. Katika mradi wetu wa Django (fremuweki, yaani kiunzi cha kujengea tovuti kwa lugha ya Python) kuna viu, yaani msimbo unaojibu ombi la mteja, inayotafuta risiti kwa `get_object_or_404`, ambayo hurusha kosa la `Http404` isipoipata, na mwenzangu ameizungushia yote `try` yenye `except Exception`, yaani kizuizi kinachokamata karibu kila kosa, inayorudisha JSON (data ya maandishi) ya "Imeshindikana". Mteja aliomba risiti isiyokuwapo, akapata jibu la 200 (sawa) badala ya 404 (hakipatikani), na programu ya simu ikaonyesha kwamba malipo yamekamilika. Mwenzangu anajitetea kwamba mtindo huo ungekuwa mbaya, fremuweki yenyewe ingeukataza. Je, hilo ni jukumu la fremuweki au ni nidhamu yetu?

fundi_seva: Ndugu Mwanagenzi, katika Django `Http404` nayo ni tawi la `Exception`, ingawa kazi yake ni kupeleka ujumbe kwa fremuweki na wala si kutangaza ubovu, mwenzako ameukamata ujumbe huo njiani. Kosa lisilokamatwa hufika tabaka la nje, likaandikwa kwenye logi ya `django.request`, mtumiaji akapewa 500 (hitilafu ya seva), na `DEBUG` (hali ya utatuzi) ikiwa imezimwa, waliotajwa kwenye `ADMINS` hupelekewa barua pepe. Yote hayo mmeyapoteza. Hatari zaidi ni ndani ya `atomic`, kizuizi kinachofanya mabadiliko ya hifadhidata yafanikiwe yote au yafutwe yote, kwa sababu mabadiliko ya hifadhidata hutenguliwa pale tu kosa linapotoka nje ya kizuizi hicho, na nyaraka za Django zinaonya juu ya jambo hilo waziwazi. Zaidi ya kuonya, Django haina uwezo, kwani `try` ni mali ya Python, na kosa lililofukiwa ndani ya viu halifiki kwake ili ilikemee.

Mpitia Msimbo: Naafiki, ila lugha yenyewe imewahi kuchukua hatua. Python 3.8, mwaka 2019, iliitoa `CancelledError` ya asyncio (maktaba ya kuendesha kazi kwa zamu) chini ya `Exception` ili amri ya kusitisha kazi isimezwe kwa bahati mbaya. Sioni kwa nini `Http404` isifanyiwe vivyo hivyo.

fundi_seva: Kwa sababu msimbo mwingi uliokwisha kuandikwa, pamoja na vifurushi vya watu wengine, unaitegemea ilivyo.

Bi. Kumbukumbu: Tusiisafishe fremuweki kupita kiasi. Kabla ya Django 2.1 ya mwaka 2018, tagi ya `include`, inayoingiza kiolezo kimoja cha ukurasa ndani ya kingine, ilikuwa ikificha makosa ya kiolezo kilichoingizwa pindi hali ya utatuzi ilipozimwa, ukurasa ukabaki na pengo lisilo na maelezo: funika kombe mwanaharamu apite. Hata hivyo `send_robust` ya Django, inayotuma taarifa kwa vitendakazi vilivyojiandikisha kuipokea, hukamata kwa upana uleule na hakuna anayelalamika, maana humrudishia mtumaji kila kosa ililolikamata. Kwa hiyo upana si dhambi. Dhambi ni kulitupa kosa. Ruff, programu inayokagua msimbo wa Python, katika kanuni yake ya BLE001, hukipigia kelele kizuizi cha `except Exception`, lakini hukiacha kinachorusha kosa upya au kuliandika kwa `logging.exception`. Iwasheni kanuni hiyo kabla ya msimbo kuunganishwa.

Mwanagenzi: Ahsanteni. Tumeiondoa `try` kwenye viu na kuibakiza kwenye mstari mmoja tu unaoita huduma ya malipo, ikikamata kuchelewa kwa jibu na kukatika kwa mtandao. BLE001 imeonyesha sehemu nyingine tisa. Mbili ziko ndani ya `atomic`, na hizo ndizo tunazoanza nazo kesho.