Mwizi anarudi kwenye avenyu kabla kadena (kufuli) mpya haijanunuliwa: faili zinakwenda parke (ofisi ya waendesha mashtaka) tupu!

Wandugu wa komini (wilaya) za Lubumbashi, Kongo: Katuba, Kenya, Kampemba, Ruashi, na zaidi ninyi wa Annexe mnaolala gizani: tumechoka. Mvua zikianza ni yale yale. Mvua inapiga mabati, hakuna anayesikia kitu, antivoli (nondo za dirisha) inang'olewa, televisheni na batri ya sola vinatoka kwa dirisha. Vijana wa zamu wanapiga filimbi, mtu anakamatwa, anatiwa kasho (mahabusu). Siku ya tatu anapita mbele ya lupango (kiwanja cha nyumba) lile lile, anasalimia. Na avenyu nzima inasema: polisi wamekula.

Kuna siku wamekula kweli. Lakini kuna tundu lingine kubwa ambalo hatulitaji, na linazibika: faili iliyofika kwa majistra wa parke haikuwa na kitu ndani.

Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 18, inasema polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya sheria. Saa hizo si adui yetu, maana ndizo zinazomlinda mtoto wako akishikwa bure. Ndani ya saa 48 OPJ (ofisa wa polisi anayechunguza kesi) anapaswa kumsikiliza mshukiwa, kumsikiliza aliyeibiwa, kusikiliza mashahidi, kuorodhesha vitu vilivyoshikwa na kuandika PV (karatasi rasmi ya maelezo). Majistra wa parke hajui avenyu yenu wala hajui jinsi mtu huyo anavyoogopwa. Anasoma karatasi. Karatasi ikiwa na uzito, anatoa mandate ya kumshikilia mtu kwa muda, ya siku 5, kisha jaji anaweza kuongeza siku 15, na baadaye mwezi kwa mwezi. Karatasi ikisema tu "alikamatwa na raia, anashukiwa wizi", majistra atamfungulia, na hatakuwa amekosea.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linaloniumiza zaidi. Katika sheria yetu ya adhabu, wizi wa kawaida unafungisha miaka isiyozidi 5. Wizi wa kuvunja, wa kuruka ukuta, wa funguo bandia, au wa usiku ndani ya nyumba inayokaliwa na watu, unafika miaka 10. Tofauti yote hiyo iko kwenye maneno machache ya PV: saa ngapi, watu walikuwa wamelala ndani, mlango uliingiliwaje. Lakini PV nyingi haziandiki hata saa! Zinaandika "usiku wa jana". Usiku wa kuanzia wapi? Kwenye nyumba au kwenye duka lisilolala mtu? Mwanasheria wa upande wa pili atapita hapo hapo.

Angalieni mlango wenyewe. Milango yetu mingi ya chuma imechomelewa bawaba zinazotazama nje, pini haina kizuizi juu. Mtu anainua mlango kwa nondo, unatoka, kadena ikiwa bado imefungwa. Asubuhi mwenye nyumba anaurudisha mahali pake ili watoto wasipigwe na baridi, na polisi akija anaandika: hakuna alama ya kuvunja. Basi, ushahidi umezikwa na aliyeibiwa mwenyewe. Kadena iliyokatwa huonyesha alama za pense kwenye upinde wake. Bawaba iliyoinuliwa huonyesha rangi iliyokwaruzwa tu, na alama hiyo inafutika ukiurudisha mlango mara moja. Piga picha kwanza: moja ya mlango mzima, moja ya bawaba kwa karibu, moja ya nyayo kama udongo bado umelowa. Kadena iliyokatwa iweke ndani ya mfuko safi, usiipitishe mkono kwa mkono avenyu nzima.

Kisha nenda kuandikisha mashtaka siku ile ile. Usiende kusema "wameniibia vitu". Nenda na orodha: kitu gani, alama yake, namba iliyo kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma yake, risiti kama unayo. Nenda na mashahidi wawili walioona kwa macho yao, kila mmoja na kadi yake ya kura, na namba ya lupango lake. Aliyeona mtu akitoka na mzigo ni shahidi. Aliyesikia filimbi anathibitisha saa tu, lakini hata saa ni kitu. Mtu akijeruhiwa, omba OPJ atoe karatasi ya kumtuma kwa daktari kabla ya kidonda kufungwa na kusahauliwa. Kabla hujatia sahihi, omba usomewe maneno yako kwa Kiswahili. PV inaandikwa kwa Kifaransa, na wazee wetu wanatia kidole kwenye maneno ambayo hawakuyasema.

Na sasa kwenu wenye ofisi, sitaji ofisi, mnajijua. Mama anayeuza makala (makaa) anafika asubuhi, anaombwa pesa ya karatasi, pesa ya kalamu, mafuta ya jeep, pesa ya konvokasyo (karatasi ya kumwita mtu polisi). Konvokasyo hailipiwi! Kuandikisha mashtaka hakulipiwi! Akitoa franka zake za mwisho anadhani kesi imeanza. Asipotoa tena kesho, hasikilizwi, na saa 48 zinaendelea kukimbia. Zaidi ya hayo, mali iliyoshikwa inalala chini ya meza bila kuandikwa, na baada ya wiki haionekani. Kitu ambacho hakiko kwenye PV ya kushika mali hakitasaidia kitu mbele ya jaji, hata kama avenyu nzima ilikiona.

Halafu kuna makubaliano ya jioni. Familia ya mshukiwa inakuja na pesa, aliyeibiwa anaandika kwamba amesamehe, mlango wa kasho unafunguliwa. Ninaelewa kwa nini mtu anakubali, televisheni ni mshahara wa miezi. Lakini wizi si deni kati ya watu wawili. Kusamehe kwako hakuzimi kesi kisheria, parke inaweza kuendelea. Anayekuambia "ukisaini imekwisha" anakudanganya. Pokea mali yako, andika kwamba umeipokea, usiandike kwamba hukuibiwa.

Kuhusu tairi na petroli, nitasema wazi: ni uuaji. Na ni uuaji unaolinda genge. Aliyechomwa hawezi kutaja aliyemtuma, wala aliyenunua batri, na mnunuzi anayejua ni ya wizi naye ni mhalifu mbele ya sheria. Mashahidi wanakimbia wote kwa sababu sasa wao ndio wanatafutwa. Ukikosea mtu, na tumeona jinsi neno "mwizi!" linavyorushwa kwa mgeni yeyote aliyechelewa njia, hakuna wa kumrudisha. Vijana wa zamu, mkishika mtu: mfungeni mikono, msimpige, mmoja aandike saa, wawili wabaki naye, wengine waite polisi na shefu wa avenyu. Saa hiyo mliyoandika inasaidia kuhesabu zile 48. Bila hiyo, ofisi itahesabu inavyotaka.

Zamu yenyewe inahitaji daftari, si filimbi tu. Daftari moja kwa avenyu, kurasa zenye namba, tarehe, majina ya waliolala macho, tukio, saa, sahihi mbili. Michango ya kila mwezi iandikwe humo humo upande wa nyuma. Kwenye avenyu nyingi watu wanatoa franka na hakuna anayejua zimenunua nini, na tochi za vijana hazina hata mawe (betri). Mashefu, fungueni daftari mbele ya watu!

Tunachodai komini zote ni hiki. Tangazo kubwa kwa Kiswahili kwenye ukuta wa kila ofisi ya polisi: kuandikisha mashtaka ni bure, konvokasyo ni bure. Jina la OPJ wa zamu na saa zake ubaoni, usiku pia. Aliyeibiwa apewe namba ya faili yake siku ile ile, ili akienda parke asiambiwe "hatujaona kitu". Na burgumestre (mkuu wa komini) alete suala hili kwenye baraza la usalama wa karibu la komini, raia wakiwa wamekaa ndani, si nje ya dirisha.

NYONGEZA, kwa walioniuliza kuhusu simu: piga *#06# leo, simu ingali mkononi. Itatoka namba ya tarakimu 15 (IMEI, namba ya simu yenyewe, si ya laini), simu ya laini mbili hutoa namba mbili. Iandike kwenye karatasi nyumbani, si ndani ya simu ile ile. Ikiibiwa, hiyo namba iingie kwenye PV, tarakimu zote, moja baada ya nyingine. "Simu nyeusi" si maelezo, kila mtu ana simu nyeusi.