Kuua mchakato mmoja wa Postgres ukiwa root, mingine itabaki salama?

dogo_wa_IT: Wakuu, habari za kazi. Seva yetu ya mauzo ni Linux na hifadhidata ya PostgreSQL (Postgres). Tangu asubuhi mchakato mmoja wa postgres, PID (namba ya mchakato) 4127, unakula CPU asilimia 99. Nimeingia kama root (msimamizi mwenye ruhusa zote) na bosi amesimama nyuma yangu: "piga kill -9 tuendelee." Nikiua huo mmoja kuna shida?

fundi_seva: Shida ipo, tena kubwa. Postgres ikiona mchakato wake mmoja umekufa kwa ishara ya 9 (hiyo -9, kuua papo hapo), inachukulia kwamba memori ya pamoja huenda imeharibika. Inawakata wote waliounganishwa, inajiwasha upya na kupitia WAL (kumbukumbu ya mabadiliko ya data). Yaani kaunta nzima inasimama kwa ajili ya ripoti ya mtu mmoja.

Kwanza mjue mwenye mchakato huo:

`SELECT usename, state, query FROM pg_stat_activity WHERE pid = 4127;`

Halafu `SELECT pg_cancel_backend(4127);`. Ikigoma, `pg_terminate_backend(4127)`. Ya kwanza hutuma SIGINT (ishara ya kukatiza), ya pili SIGTERM (ishara ya kuomba ufunge), na zote zinaupa mchakato nafasi ya kuachia kufuli zake za data. Haya yote unayafanya kwa `sudo -u postgres psql`, yaani unaingia Postgres kama mtumiaji postgres. Toka kwenye root kabisa. Mtumiaji wa kawaida akikosea PID anaambiwa hana ruhusa, root haambiwi kitu.

Mzee_wa_Terminal: Mnamtisha kijana bure. Mimi natumia -9 kila siku.

fundi_seva: Kwenye kivinjari kilichoganda, sawa mzee wangu. Lakini root akiandika `kill -9 -1`, yaani kaweka -1 badala ya PID, inakwenda kwa kila mchakato isipokuwa namba 1 na ule unaotuma. sshd (huduma ya kuingia seva kwa mbali) nayo inaondoka, huenda ukaamka uende chumba cha seva kwa miguu. Na `pkill -f mauzo`, inayoua kila mchakato wenye neno mauzo kwenye amri yake, itaondoka hata na vim (kihariri) ya mwenzio aliyefungua mauzo.conf. Tanguliza `pgrep -af mauzo` uone orodha.

dogo_wa_IT: Ni ripoti ya mwaka mzima, mtu wa uhasibu. Cancel imekubali, CPU imeshuka. Swali dogo: kuna mchakato mwingine wa rsync (kunakili faili) unaonyesha STAT (hali) D, nimeutumia SIGTERM haujibu.

fundi_seva: D unasubiri diski au NFS (diski ya mtandao) ndani ya kernel (kiini cha mfumo), hata -9 itapanga foleni hapo. Achana nao, soma `dmesg -T | tail` (ujumbe wa mwisho wa kernel) utubandikie hapa.