Ati "mabusha hayaui mtu"! Huyu bwana wa mikutano ya hoteli ametuzoea vibaya

Niko ndani ya matatu narudi Jomvu, mikono yatetemeka kwa hasira, makosa ya kuandika mtanisamehe.

Mwamjua. Jina sitaji na hakuna haja, kila mkutano wa afya hapa Mombasa yuko, mtoto wa hapa hapa aliyekulia mahamri na mbaazi kama sisi lakini tangu ashike kazi za mashirika ya kimataifa aongea kwa pua na koti halivui hata jua la Februari. Leo tumeitwa hoteli Nyali, wadau tuseme vipaumbele vyetu. VYETU. Nikanyoosha mkono, nikasema kwa adabu zote, mtaani kwangu kuna wazee wana matende na mabusha na hakuna anayewauliza hali.

Akanitazama, sambusa iko mdomoni, akasema "Mzee, mabusha hayaui mtu, tuongee vitu vya maana." Ukumbi mzima ukacheka. Na ukutani nyuma ya kichwa chake slaidi imeandikwa HAKUNA ATAKAYEACHWA NYUMA. Wallahi nilitamani AC ile inimeze.

Hayaui mtu! Ami yangu alikuwa mvuvi. Saa hii akikaa kwa benchi hukaa ncha, kikoi akikunja mara mbili kuficha, msikitini husimama safu ya mwisho karibu na viatu. Juzi kondakta kamwambia alipie viti viwili, akashuka akatembea kwa mguu. Kweli, hajafa. Na nyavu zake ziko pale ukutani zaliwa na panya.

Na huyu mtu ajua vizuri, hilo ndo lanichoma. 2018 Jomvu ilikuwa ya mwanzo mwanzo Kenya kupewa dawa tatu za matende na mabusha kwa mpigo, ivermectin, DEC na albendazole, mie ndo niliyepita nyumba kwa nyumba mtu ameze mbele yangu nione koo likishuka. Dawa zamaliza vijiminyoo kwa damu mbu asipate cha kusambaza, lakini busha lililokwisha kujaa halirudi kwa kidonge, lataka kisu, na upasuaji wenyewe si mkubwa. Ugonjwa huu WHO, shirika la afya duniani, wana mpango wa kuutokomeza tangu 2000. Togo walithibitishwa wameutokomeza 2017, Malawi 2020. Malawi jamani! Sisi tuna mtu na sambusa yake, ati hayaui.

Alikula sambusa kama ahamishwa mji.

MwanaTudor: Hahahaa uyo uyo! Alituambia chikungunya ni homa ya kawaida. Mie ile ya 2018 viungo vilinikaza nikawa nashuka ngazi kwa makalio wiki mbili.

BintiLikoni: Pole ami. Lakini sema ukweli, nawe sambusa hukula?

Mwenye uzi: Sikula hata moja, nilikunywa maji. Narudia, sambusa iko MDOMONI, amwambia mtu mzima mbele za watu hayaui.

Mpwani Asili: Huyo ni tarumbeta tu, mpulizaji yuko kwengine. Michango ya lazima ya nchi wanachama kwa miaka mingi haikufika hata robo ya bajeti ya WHO, iliyobaki ni ya hiari na nyingi yaja ishaandikwa kazi yake. Mwenye pesa akitaka polio, ni polio. Na Marekani walitangaza wanatoka tangu Januari 2025. Hapo busha la Jomvu litasimama foleni gani?

Mwenye uzi: Hiyo naelewa bro. Aseme pesa hakuna, nakubali naenda zangu. Asiseme hayaui mtu huku watu wacheka.

KijanaWaKwale: Nyinyi angalau dawa ziliwafikia mlangoni. Kuumwa na nyoka WHO waliingiza kwenye orodha yao ya magonjwa yaliyosahaulika 2017, na bado yasahaulika. Binamu yangu kaumwa shambani, zahanati ya kwanza dawa ya sumu hakuna, ya pili hakuna, afika Mombasa mguu ushakuwa gogo la mnazi.

BintiLikoni: Nyoka mwamuona mara moja kwa mwaka, sie mkokoteni wa maji twaulilia kila siku. Kipindupindu kikiingia waja na mabango ya "nawa mikono". Ninawe na nini, mate?

MwanaTudor: Likoni nyamazeni, feri ndo itawamaliza kabla ya kipindupindu.

BintiLikoni: Na nyie Tudor mitaro yenu yanuka mpaka huku, huyo mbu wa mabusha katoka kwenu!

Mwenye uzi: Jamani turudi kwa mada. Mtu mzima kaniambia

DadaWaKisauni: Samahani ami nakukatiza, nina swali la maana. Huo mkutano wa leo nauli mmepewa? Wa mwezi uliopita tulisaini fomu na mpaka saa hii simu haijalia.

KijanaWaKwale: Mlisaini ngapi? Sie tulisaini 1,000 ikaingia 500.

MwanaTudor: 500 na walalamika?? Sie tulipewa kalamu na fulana.

DadaWaKisauni: Fulana mlipewa? Nani aligawa, mbona sisi hatukuona fulana?