Ushauri: lipidi za kapilari za ubongo wa ng'ombe zinachanganyika na mayelini

Mleta mada: Wakuu, nachambua lipidi (mafuta) za seli zinazotandika ndani ya kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) za ubongo wa ng'ombe. Nasaga, nachuja kwa wavu wa nailoni, kisha nakamua kwa klorofomu na methanoli. Majibu yamejaa galaktoserebrosidi, na DHA (asidi ya mafuta ya omega-3) iko chini mno. Nakosea wapi?

Kapilari40: Mkuu, hiyo galaktoserebrosidi ni ya mayelini, ala ya neva. Kosa liko kabla ya klorofomu. Menya tando za juu, kwangua sehemu ya kijivu tu, nyeupe iache. Saga kwa mkono, polepole, kwenye bafa baridi. Ongeza dekstrani (sukari ya mnyororo mrefu, huongeza uzito wa kimiminika) hadi kama asilimia 18, uzungushe kwenye sentrifuji. Mayelini ni nyepesi, itaelea juu kama utando wa maziwa, kapilari zitatuama. Hapa ndipo wengi huharibu: wakimimina, utando unateleza ukutani na kurudi kwenye mashapo. Utoe, kisha futa kuta za chupa kwa karatasi. Rudia mara ya pili. Ndipo uchuje: wavu wa mikromita 100 unazuia mishipa mikubwa, wa 40 unanasa kapilari. Kwenye hadubini ziwe vijiuzi vyenye matawi. Ukiona chembe nyekundu zimejipanga ndani, nazo zina lipidi zake, usizihesabu kuwa za ukuta.

Bomba la Kioo: Kuhusu DHA, ina viungo pacha 6 kati ya kaboni zake, hewa inaila haraka. Weka BHT (kizuia oksidisheni) kwenye viyeyusho tangu mwanzo, kausha kwa naitrojeni, hifadhi nyuzi hasi 80. Gramu 1 ya tishu kwa mililita 20 za klorofomu na methanoli (2 kwa 1), kisha mililita 4 za maji ya chumvi. Lipidi ziko tabaka la chini. Kipimo rejea (lipidi ya kiasi unachokijua) kitie kabla ya kukamua, la sivyo kilichopotea njiani hutakijua. Tumia kioo, plastiki huachia vichafuzi kwenye klorofomu.

Mleta mada: Nilinganishe na seli za kuotesha?

Kapilari40: Kwa tahadhari. Seramu ya ndama ina DHA kidogo, seli zikikaa humo nazo hupungukiwa. Na DHA si pambo: tafiti za 2014 zilionyesha panya wasio na protini ya Mfsd2a, inayoiingiza ubongoni, hupungukiwa nayo na kizuizi chao kati ya damu na ubongo huvuja. Kwa hiyo hakikisha kwanza haijaliwa na hewa, ndipo useme imepungua.