Tupeane uzoefu: kusaka kumbukumbu za umma kijijini, ulizipataje?

Mleta mada
Wakuu, habari za saa hizi. Huu ni mwezi wa 4 tangu nianze kutafuta kumbukumbu ya kifo cha babu mzaa baba. Mirathi imekwama kwa karatasi hiyo moja. Alifia kijijini, akazikwa kijijini, na watu wazima wote wanaukumbuka mwaka wenyewe kwa sababu ulikuwa wa mafuriko. Ofisi ya usajili nimekwenda mara 3. Karani alifungua daftari la mwaka huo mbele yangu, tukapita ukurasa kwa ukurasa, hayumo. Nikaambiwa pengine hakusajiliwa kabisa. Roho yangu inakataa. Aliyewahi kusaka kumbukumbu sehemu ndogo kama hizi, ziwe za kizazi, shamba, kesi au mkutano, aeleze alipitia wapi.

Mrithi wa Bondeni
Yangu ilikuwa shamba. Wilaya yetu ilinijibu kwamba haina jalada lake, na walisema kweli. Wilaya yenyewe ilianzishwa baada ya shamba kupimwa! Wakati wa upimaji kijiji kilikuwa chini ya wilaya jirani, na jalada likabaki masjala ya kule. Mpaka ulihama, makaratasi hayakuhama. Nilipoteza mwaka mzima hadi mzee mmoja aliponionyesha ramani ya zamani. Kwa hiyo kabla hujafunga safari, jua kwanza kijiji kilikuwa chini ya nani mwaka ule unaoutafuta.

Karani Mstaafu
Mwanangu mleta mada, nimefanya kazi masjala hadi kustaafu, na nakuomba usikate tamaa. Mmefungua daftari la mwaka aliokufa. Je, mlifungua ya miaka iliyofuata? Sehemu nyingi kumbukumbu huingizwa kwa kufuata siku ya kusajili, si siku ya tukio. Watu wa vijijini huzika kwanza. Ofisi iko mbali, msiba una mambo mengi, na anayekwenda kuandikisha huenda baada ya mwaka au miaka kadhaa, siku anapodaiwa cheti. Anza na mwaka wa kifo, kisha songa mbele hata miaka 10.

La pili ni jina. Karani aliandika alichosikia. L inageuka R, H inadondoka, jina la ukoo linaachwa, jina la utani linaingia kama ndilo lenyewe. Keti na wazee uandike majina yote aliyowahi kuitwa, na ya baba yake pia. Usimpe karani jina moja ukategemea abahatishe mengine.

La tatu nalieleza kwa kirefu kwa sababu naona watu wengi wanahangaika hapa. Hifadhi za nyaraka hazipangwi kwa mada. Ufaransa iliagiza mwaka 1841 kwamba nyaraka zikae kwa kufuata ofisi iliyozizalisha, na utaratibu huo ukaenea duniani. Ukiingia ukasema "nataka habari za babu yangu", mtunza nyaraka hana pa kuanzia. Jiulize ni nani aliyepaswa kuliandika jambo hilo, na kwa kazi gani. Mtu akifa, msajili anaandika kifo. Mahakama inaandika mirathi. Mtoza kodi anafuta jina moja na kuingiza jingine. Kifo kimoja, kalamu tatu. Ukikwama kwa mmoja, nenda kwa mwingine.

Na usome pembeni mwa ukurasa. Huko Ufaransa tangu 1897 ndoa ya mtu huandikwa pembeni mwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwake. Nimeona watu wakinakili mistari ya katikati na kuacha hazina pembeni.

Dada wa Parokia
Kwetu ofisi iliungua, daftari zote zikaisha. Nilichopata nilikipata kanisani, kwenye kitabu cha ubatizo: tarehe, wazazi, wasimamizi. Baadaye nikajua vitabu hivi vina umri mrefu kuliko usajili wa serikali. Uingereza iliagiza parokia ziwe navyo mwaka 1538, wakati usajili wa serikali wa England na Wales ulianza 1837. Tena tangu 1598 parokia zilitakiwa kumpelekea askofu nakala kila mwaka, na pale kitabu cha awali kilipopotea, nakala hiyo ndiyo imewaokoa watafutaji. Tangu hapo nikiambiwa kitu kimeungua, nauliza: nakala ya pili ilipelekwa wapi?

Mwana wa Katibu
Mihtasari ya mikutano ya kijiji, iliyogawa eneo letu la malisho, haikuwa ofisini. Ilikuwa kwenye sanduku nyumbani kwa marehemu katibu. Hakuiba. Ofisi haikuwa na kabati, akawa anarudi nayo jioni kwa usalama. Tulikwenda na kiongozi wa kijiji, tukaomba kwa heshima, tukaandikiana orodha ya kila daftari mbele ya familia, kisha tukazirudisha ofisini. Nilipiga picha kurasa zangu palepale. Nawasihi, msiondoke na daftari. Ni mali ya kijiji kizima, na kuna mwenzako ataitafuta kesho.

Mtafutaji
Nyongeza fupi. Ukikataliwa, uliza kama kumbukumbu haipo au imefungwa kisheria, maana ni mambo mawili tofauti. Fomu za sensa za Marekani hufunguliwa baada ya miaka 72, za England na Wales baada ya 100. Omba jibu kwa maandishi.

Mleta mada
Wakuu, nimerudi. Karani Mstaafu, Mungu akuzidishie. Tumempata kwenye daftari la miaka 6 baada ya mwaka wa mafuriko. Jina limeandikwa kwa R, umri umekosewa, lakini kijiji, mke na jina la baba yake ni vyenyewe. Kwenye nafasi ya mtoa taarifa kuna alama ya dole gumba la shangazi yangu mkubwa. Hakuwahi kutuambia kwamba alikwenda. Nimeomba nakala mbili, moja ya mahakama na moja nimpelekee yeye.