Taya limefungwa kwa nyaya: kati ya dawa hizi tatu, ipi ya kutegemea?

Yaya wa Kadutu
Jambo kwenu wote. Mdogo wangu alianguka na pikipiki hapa Kadutu, Bukavu, taya la chini likavunjika pande mbili. Amepasuliwa, na sasa meno ya juu na ya chini yamefungwa pamoja kwa nyaya. Anakunywa uji wa sosoma (soya, mtama na mahindi) tu, wa kuchuja, kwa seringi. Ordonansi, karatasi ya dawa ya daktari, ina parasetamoli, ibuprofeni na tramadoli, lakini hakuna aliyetueleza ipi itangulie. Jirani anasema zile mbili ni za homa, tramadoli ndiyo dawa. Nilimpa jana usiku, akalala vizuri, kisha akaamka na kichefuchefu. Roho yangu haijatulia: akitapika mdomo umefungwa, je? Ni mtu mzima, ana kilo zaidi ya 60, hana ugonjwa mwingine.

Muuguzi, Ibanda
Pole sana, dada. Kwa hili usimfuate jirani. Parasetamoli na ibuprofeni zikitolewa pamoja hutuliza maumivu ya meno na taya vizuri sana, mara nyingi sawa na dawa za jamii ya morfini, kama tramadoli, au zaidi. Ibuprofeni inapambana na uvimbe palepale kwenye kidonda, na taya linauma hasa kwa sababu ya uvimbe.

Parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isipite gramu 4 kwa siku nzima. Ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8, akishakunywa uji. Siku hizi za mwanzo fuata saa, usingoje alie. Ukitumia siropo ya watoto, soma chupa: ikiandikwa miligramu 100 kwa mililita 5, basi 400 ni mililita 20. Ibuprofeni haifai mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu, wala usiichanganye na diklofenaki, hata ya sindano.

Tramadoli ibaki akiba, kwa maumivu yanayozishinda hizo mbili. Inaleta kichefuchefu, kizunguzungu na choo kigumu. Pombe na dawa za usingizi asiziguse kabisa: pamoja na tramadoli zinaweza kuzuia pumzi.

Baba wa Bagira
Mimi pia nilifungwa taya. Parasetamoli ya kuyeyuka majini ndiyo iliyonifaa, ila ungoje povu liishe kabla ya kuivuta kwa seringi. (Mwenye presha aulize kwanza, ina chumvi nyingi.) Na dada, mkasi wa kukatia nyaya ulale karibu na kichwa chake. Munganga (daktari) akuonyeshe ni nyaya zipi za kukata akikosa pumzi. Akitapika, muinamishe mbele, matapishi yatapita katikati ya meno.

Yaya wa Kadutu
Asanteni, mmenipa nguvu. Tramadoli tuliyonayo ni komprime, yaani vidonge. Naweza kuisaga?

Muuguzi, Ibanda
Kama ni ile ya kutoa dawa polepole, hapana kabisa: ukiisaga, dozi nzima inaingia mwilini kwa mara moja. Omba farmasi wakupe ya matone, na munganga akuandikie ya kichefuchefu. Halafu mwangalie. Maumivu yakipungua kisha yakapanda tena, au akipata homa, usaha, uvimbe chini ya kidevu, au akashindwa kumeza mate, usimwongezee dawa. Mrudishe hospitali usiku huohuo.